Mama anajua nani amepita usiku

Kwetu Useri, Rombo, kwenye mteremko wa Mlima Kilimanjaro unaoshuka kuelekea Kenya, mbwa wa nyumba za chini wakianza kubweka usiku, wakapokewa na wa nyumba za kati, kisha wa kwetu, kuna watu wanapandisha kandokando ya korongo kutoka upande wa Kenya. Mbweko ukianzia juu ukateremka, kuna watu wanavuka kwenda huko. Mama yangu hahitaji kufungua dirisha. Akiwa kitandani anaweza kukuambia wamepita wangapi, kama wamebeba mzigo au wako mikono mitupu, na kama aliyewatangulia ni mtu wa kijijini, maana mbwa humzoea mwenyeji wakanyamaza mapema.

Namtaja mama kwa sababu kila inaposikika habari ya wahamiaji waliokamatwa mkoani Kilimanjaro, maneno yanayofuata ni yaleyale: ziongezwe doria, yaletwe magari, zinunuliwe droni. Siyapingi. Ila nimekulia kwenye mteremko huo, na najua gari la doria linaweza nini na haliwezi nini.

Barabara ya lami inayotoka Marangu kupita Mkuu hadi Tarakea imekwenda sambamba na mpaka, imeukata mlima ubavuni. Makorongo yanatoka mlimani kushuka mashariki, na njia za panya zinafuata migongo iliyo kati ya korongo na korongo. Gari linakwenda kaskazini na kusini, mvushaji anakwenda mashariki na magharibi. Wanakutana mahali pamoja tu, pale njia inapoikata lami, na kuvuka lami usiku ni kazi ya sekunde chache. Ukitaka kumfuata lazima ushuke kwa miguu. Wakati wa masika udongo wetu huteleza kama sabuni, ukungu unafunika migomba, na huko korongoni simu inapoteza mtandao wa nyumbani, wakati mwingine inadaka wa Kenya. Askari mgeni aliyehamishiwa kwetu mwezi uliopita anafanya nini hapo? Bodaboda wanaoteremka huzima taa na injini, wanaachia pikipiki iserereke yenyewe, utashtuka imekufikia. Ukienda juu zaidi, kule Rongai, kuna shamba la miti la serikali, na juu yake msitu wa Hifadhi ya Kilimanjaro. Mtu akiingia humo umempoteza.

Mpaka wenyewe waliuchora Waingereza na Wajerumani, katika makubaliano yaliyoanza mwaka 1886. Wakauzungusha mlima ubaki upande wa Wajerumani, na Ziwa Chala likakatwa katikati. Hakuna mto wala ukuta, kuna bikoni za zege zilizosimama kwenye mashamba ya mahindi. Sisi Wachaga tuna kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani, huku juu na shamba kule chini, na shamba la chini ndilo linalopakana na Kenya. Mtu anayekwenda kupalilia na mtu anayekwenda kuvuka wanapita njia moja, saa ileile ya alfajiri.

Na si kila anayevuka ni mhalifu kwa maana ambayo kijiji kinaielewa. Sukari ikipanda bei huku inatoka kule, mahindi yakipata bei kule yanatoka huku. Mirungi ni zao halali Kenya, linalimwa Meru na kuuzwa mchana kweupe, ila kwetu ni dawa ya kulevya kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2015. Kifurushi kilekile, hatua kumi mbele, kinakupeleka jela. Kwa mwanakijiji haya yote ni biashara ya mpakani, na kwa miaka mingi serikali nayo imeyaweka kwenye kapu moja. Hapo ndipo tunapojikwaa, kwa sababu ndani ya kapu hilo wamo binadamu.

Vijana wa Ethiopia, wengi wao kutoka kusini mwa nchi hiyo, wanashuka kupitia Kenya na Tanzania wakielekea Afrika Kusini. Baadhi hawafiki. Mwaka 2012 zaidi ya 40 walikutwa wamekufa mkoani Dodoma, walikosa hewa ndani ya lori. Mwaka 2020, kule Tete, Msumbiji, miili 64 ilikutwa ndani ya kontena. Miongoni mwa wanaoshika njia hiyo wapo wanaopita kwenye migomba ya mtu kama mama yangu.

Alfajiri moja ya mwezi wa Aprili mama alitoka kukata majani ya ng'ombe akawakuta wanne. Walikuwa wamejifunika majani makavu ya migomba, sweta zimelowa chapachapa. Mmoja kandambili yake ilikuwa imekatika, ameifunga kwa kamba ya mgomba. Hawakujua Kiswahili zaidi ya neno "maji." Mama aliwapa maji, akawapa kiburu, ndizi zilizopikwa na maharage, kilichobaki jana yake, wakala kwa mkono, wanatetemeka. Anasema mdogo wao hakuzidi miaka kumi na sita. Saa moja baadaye ilikuja pikipiki, kijana aliyeiendesha akasema amefuata "mzigo." Ndivyo wanavyowaita. Aliwapakia wawili, akarudi kuchukua wawili. Mama alimtambua kijana yule, alimwona tangu anazaliwa.

Nilimuuliza kwa ukali kidogo, mama, kwa nini hukupiga simu? Akanijibu, "Mwanangu, nimpigie nani? Yule aliyenichukulia gunia langu?"

Msimu uliotangulia alikuwa ametoka shamba la chini na gunia la mahindi yake mwenyewe, amelifunga nyuma ya bodaboda. Doria ikawasimamisha, ikasema ni magendo. Hakuwa na karatasi, na nani hubeba karatasi ya mahindi aliyolima mwenyewe? Gunia likaenda, na bodaboda akapigwa vibao viwili mbele yake. Bodaboda huyo ndiye kijana aliyekuja kuchukua wale Wahabeshi.

Sisemi kwamba vibao vile ndivyo vilivyomfanya kuwa mvushaji. Pesa ndiyo iliyomfanya. Ninachosema ni kwamba siku ile tulipoteza watu wawili ambao wangeweza kutuambia ukweli. Mama mwenye gunia anakamatika kwa urahisi kwa sababu anakwenda polepole na hana cha kuficha. Asubuhi hesabu ya doria inaonekana nzuri. Anayesafirisha watu amepita korongo la tatu, na kijiji kizima kimemsikia na kunyamaza.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo: bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, zinavuka kwa cheti chepesi cha asili ya bidhaa. Ni jambo zuri sana. Lakini cheti kinatolewa mpakani, na kituo cha pamoja cha Holili na Taveta, kilichofunguliwa mwaka 2016, kiko kusini mwetu. Kituo kingine, cha Tarakea, kiko kaskazini. Mwenye debe mbili za maharage aliye katikati atalipa nauli kubwa kuliko faida. Afisa na awafuate siku ya gulio, akae na muhuri wake pale wanapouzia. Mwenye mahindi akishatoka kwenye njia za panya, atakayebaki humo usiku ataonekana.

Kuna kingine kinachonikosesha usingizi zaidi. Watoto wa Kitanzania wenye ulemavu wamewahi kuvushwa hadi Nairobi na kuombeshwa barabarani, na wasichana wanachukuliwa kwa ahadi ya kazi za ndani. Mtoto akipita mpakani ameshikwa mkono na mwanamke, askari anaona mtu na mwanawe. Mlimani kila mtu ana shangazi upande wa pili, utamuuliza nini? Ni jirani pekee anayejua kwamba yule mtoto si wa ukoo wowote wa pale. Droni haijui koo.

Hofu nayo ipo, siidharau. Mvushaji anaishi nyumba ya tatu, na ukimtaja leo, kesho ng'ombe wako anaweza kukutwa amekatwa mguu. Tena mama ananiuliza, akiwataja, wale watoto watapelekwa wapi? Ameona wakipandishwa karandinga, wakifungwa kwa kuingia nchini bila kibali. Tangu mwaka 2008 tuna sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu, inayomtambua mhanga kuwa mhanga. Lakini kijijini kinachoonekana ni pingu tu, na mama aliyempa mtoto kiburu hawezi yeye huyohuyo kumpeleka jela.

Wiki iliyopita nilimpigia simu, akaniambia mbwa walibweka tena, wakianzia chini. Walikuwa watano, anadhani, na mmoja alikuwa akikohoa. Ameanza kuacha ndoo ya maji na kikombe pembeni ya migomba kabla ya kulala.