Hercules Anaomba Awe Kama Mimi, Kwani Hana Ndugu wa Kumshauri?

Aisee juzi Jumapili umeme umeisha kwenye mita, watoto wamelala, nikajilaza na simu yangu yenye bando la kuungaunga nikafungua sinema moja ya kizamani ya Waitaliano, Hercules ya mwaka 1958, aliyoiongoza Pietro Francisci, ya yule shujaa mwenye nguvu wa hadithi za Wagiriki. Mi nilitaka tu nione mtu anapigana na simba nipate usingizi. Nimeishia kukasirika mpaka saa nane usiku.

Anayeigiza Hercules ni Steve Reeves, Mmarekani, Mista Yunivasi wa 1950, yale mashindano ya watunisha misuli, kifua kama kabati la milango mitatu. Sinema haijafika popote keshang'oa mti mzima ili asimamishe farasi waliochachamaa na binti mfalme yuko kwenye gari. Nikasema huyu ndo wa kumtuma kwa baba mwenye nyumba tarehe za kodi.

Sasa njoo kwenye midomo. Mtu kafunga mdomo, maneno bado yanatoka! Waitaliano enzi hizo sauti walikuwa wanazibandika studio baadaye, kwa hiyo Reeves hata kwenye Kiingereza, lugha aliyozaliwa nayo, kasemewa na mtu mwingine. Nikacheka weee, afu nikanyamaza, maana hata mimi kwenye vikao vya ukoo ni mama Neema ndo ananisemea.

Na ubanaji matumizi jamani! Mwaka uliofuata sinema ya Ben-Hur ilitoka, Wamarekani wameitengeneza palepale Roma, kwenye studio za Cinecittà, kwa kama dola milioni 15. Hawa wa Hercules wangetajiwa hiyo hela wangezimia. Lile joka linalolinda ngozi ya kondoo ya dhahabu wanayoisaka linatembea kama mzee aliyeazima viatu. Nguzo za ikulu ukipiga chafya unahisi zinakuja. Ila mpiga picha wao Mario Bava alikuwa fundi bana, taa mbili tatu za rangi akimulika unasahau kama unaangalia mbao.

Afu akatokea mfanyabiashara mmoja wa Marekani, Joseph E. Levine, akanunua haki za kuionyesha kwao kwa kama dola 120,000, matangazo akamwaga zaidi ya milioni. Yaani harusi za kwetu kabisa, kamati inakula mamilioni maharusi wanaenda kulalia godoro la kukopa. Tofauti ni kwamba yeye hela ilirudi! Waitaliano kuona vile wakafyatua sinema za wabeba vyuma kama matofali, wengine shujaa wao anaitwa Maciste, jina lipo tangu sinema ya Cabiria ya 1914, akivuka kwenda Marekani wanambatiza Hercules au Samson, kama fulana ya mtumba inayobandikwa lebo nyingine gengeni.

Lakini hayo yote nimesamehe. Kilichoniudhi ni kimoja. Katikati ya sinema huyu bwana, mtoto wa mungu, hafi, haumwi mgongo, hajawahi kukatiwa maji, anaenda kwa Sibyl, yule mama mtabiri, anaomba avuliwe umungu. Kisa? Anataka apende kama watu wengine, awe na familia, aone watoto wake wanakua.

Nikakaa kitandani. Kaka, si ungeniuliza mimi kwanza? Watoto kukua unajua maana yake? Viatu vya Januari havimwingii Juni. Sare, daftari, hela ya twisheni, mchango wa mahafali ya darasa la awali, mtoto hajui hata kusoma anahitimu joho!

Tena mjanja, kavuliwa umungu nguvu kabaki nazo, mwishoni anavuta minyororo anaangusha ikulu ya watu. Huo sio ubinadamu, hiyo ni likizo. Binadamu kamili ndo mimi hapa.

Naongea hayo peke yangu, bomba la uani likakoroma. Mama Neema, ambaye kengele ya alamu haimwamshi, akafungua macho yote mawili: "Baba Neema, maji!"

Ghorofa ya tatu, madumu sita ya lita ishirini, pampu haina umeme. La kwanza nikapanda kama Reeves, kifua mbele. La pili nikapumzika kwa jirani wa ghorofa ya pili. La nne natembea kama lile joka. Nafika mlangoni, mke wangu kashika tochi ya simu, nikajua sasa pole inakuja.

"Taratibu basi, unamwagia watu ngazi."