Sataranji ni ya nani?

Hapa Nairobi, wanafunzi wanapokusanyika kwa mashindano ya sataranji, hakosekani mzazi anayenung'unika kwamba watoto wanafundishwa mchezo wa Wazungu ilhali bao linafia mikononi mwa wazee. Mwalimu humjibu kwamba mchezo huo ulizaliwa India, na mjadala ukaishia hapo. Wote wawili wana hoja, ingawa ya mwalimu naona haijapata kuelezwa ipasavyo.

Mzazi hakukosea kabisa, kwa kuwa mchezo tunaoucheza leo ulipata mwendo wake Ulaya. Zamani ubavuni mwa mfalme alisimama waziri, aliyesogea mraba mmoja tu kwa mshazari. Malkia mwenye nguvu za leo anaonekana katika shairi lililotungwa Valencia, Uhispania, karibu na mwaka 1475. Ndovu naye, ambaye siku hizi tunamwita askofu, aliruka miraba miwili kwa mshazari, kwa hiyo kati ya miraba 64 alikuwa na 8 tu ya kukanyaga tangu mwanzo hadi mwisho wa mchezo. Nililijaribu hili mezani kwa vifuniko vya soda: ndovu wako wanne, kila mmoja ana minane yake, na hakuna hata mmoja awezaye kumla mwenzake. Aliyewafungua minyororo wanyama hao alifanya kazi kubwa, na hatuna sababu ya kumnyima sifa.

Hata hivyo, kurekebisha si kuzaa. Kwa Kisanskriti mchezo uliitwa chaturanga, yaani viungo vinne vya jeshi: askari wa miguu, farasi, ndovu na magari ya vita. Wapo wanaodai asili yake ni Uajemi, lakini jina la Kiajemi, chatrang, limetokana na hilo la Kihindi. Waarabu wakasema shatranj, na sisi tukasema sataranji. Neno letu halikupitia London. Hata shaha, tunayemjua zaidi kama shaha wa malenga, ni mfalme yule yule wa Waajemi.

Mchukue askofu wa plastiki umtazame ule ufa wa kichwani. Wachongaji wa nchi za Kiislamu walizoea kuchonga kete zisizo na sura za viumbe, na ndovu wakamwashiria kwa ncha mbili za pembe zake. Waingereza walipoziona wakadhani ni kofia ya askofu, na Wafaransa wakamwita mchekeshaji wa mfalme. Warusi wangali wanamwita ndovu, na Wahispania wanasema alfil, jina ambalo yeyote aliyesoma katika Kurani sura ya Al-Fil, yaani Ndovu, hahitaji kutafsiriwa.

Tena ushahidi hauko mbali nasi. Kwa jirani zetu Ethiopia mchezo uliitwa senterej, na hata katika karne ya 19 ulikuwa bado na waziri na ndovu wa mwendo wa kale. Wachezaji walianza kwa kusogeza kete zao kwa pamoja, bila kungojeana zamu, mpaka kete ya kwanza iliwe. Mzazi anayeuita mchezo huu wa Wazungu anaanza kuhesabu kutoka Valencia, akiacha nyuma karibu miaka 900, pamoja na Addis Ababa iliyo mwendo wa saa mbili kwa ndege.