Marehemu akigeuzwa katuni, mtani wake ni nani?

Filamu nilikwenda nayo kwenye flashi, tukaiangalia saluni ya kiume pale Buzuruga, Mwanza, foleni ikiwa ndefu na umeme upo. Ni katuni juu ya maisha ya Graham Chapman, mchekeshaji Mwingereza wa kundi la Monty Python. Haikupita muda mteja mmoja akauliza, "Huyu si alishakufa? Mbona anasimulia mwenyewe?"

Alishakufa kweli. Saratani ilimchukua 4 Oktoba 1989 akiwa na miaka 48, siku moja kabla ya kutimia miaka 20 tangu kipindi cha kwanza cha kundi lao kirushwe na BBC. Filamu imetoka 2012. Ila sauti ni yake: alijirekodi akisoma kitabu cha maisha yake cha mwaka 1980, ambacho tangu kwenye jina kinakiri kuwa mwandishi ni mwongo. Rekodi hiyo ikagawiwa studio 14 za katuni, kila moja ikachora inavyojua. Basi sura ya Chapman inabadilikabadilika mpaka unachoka kuifuata, na mimi kuna sehemu nilichoka.

Kinyozi akatupa lake: "Na sisi tumchore King Majuto."

Hapo mashine ya kunyolea ikazimwa.

Wanaotaka wana hoja nzito. Majuto, yaani mchekeshaji Amri Athumani wa Tanga, aliyetutoka 8 Agosti 2018, ameacha filamu tele, lakini zote zinamwonyesha ukubwani, akiigiza watu wengine. Utoto wake hauna kamera. Katuni inaweza kwenda huko, tena bila kumtafuta mtu wa kujifanya yeye, maana kila atakayejaribu tutamlinganisha na mwenyewe na atashindwa.

Upande wa pili ulianza na pesa, nikawaelewa: hata ukibana matumizi ukachora picha 12 kwa sekunde, dakika moja tu inakula picha 720. Lakini hoja iliyonigusa ni nyingine. Vichekesho vya Majuto vilikaa mwilini, kwenye macho, kwenye kulalamika, kwenye kile kimya kabla hajajibu. Chapman alichekesha kwa uso mkavu, kama yule kanali wake anayeingia kusimamisha mchezo kwa sababu umekuwa wa kipuuzi. Uso mkavu unachoreka. Wa Majuto sina hakika.

Halafu kuna heshima. Filamu ya Chapman haifichi ulevi wake wala kwamba alipenda wanaume wenzake. Kwetu marehemu hasemwi, wakasema wazee wawili waliokuwa kwenye benchi.

Hapo ndipo nilipowakatalia, kwa sababu kwetu marehemu anasemwa sana, tena msibani kwake. Mtani huvaa kofia ya marehemu, akashika mkongojo wake, akachechemea kama yeye, na wafiwa wakacheka machozi yakiwatoka. Waingereza nao walifanya kitu kinachofanana na hicho. Desemba 1989, kwenye hafla ya kumkumbuka Chapman, John Cleese alisimama akamsema rafiki yake bila huruma, watu wakavunjika mbavu. Huyohuyo Cleese, pamoja na Michael Palin, Terry Jones na Terry Gilliam, wametia sauti kwenye katuni hii. Eric Idle hakushiriki.

Kwa hiyo kinachonisumbua si katuni. Mtani anajulikana na wafiwa, anafanya mbele ya macho yao, na akizidisha anapewa chochote aache. Studio ni mtani wa nani? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi ya msanii uhai wake wote na miaka 50 baada ya kifo, lakini haiwezi kukwambia kichekesho gani kimevuka mpaka. Chapman alijitania kwanza mwenyewe, akaacha rekodi, na waliobaki wakafuata sauti yake. Majuto wetu tungemwekea maneno mdomoni. Ningekuwa na pesa ya katuni, kwanza ningenunua kinasa sauti, niwafuate wachekeshaji walio hai wajisimulie wenyewe, uongo wao ukiwemo.

Kinyozi hakukubali. Anasema tukisubiri hivyo hatutachora mtu yeyote. Mmoja wa wale wazee, mvuvi wa zamani, akainuka kwenda kukalia kiti cha kunyolewa, akavua kofia, akaishika mkononi. "Mtani wangu mimi yuko Sengerema," akasema. "Mwingine asiiguse hii."