Ganda la Chungwa Nalo Lirudi Pwani

Kwenye mashua ziendazo kisiwa cha Changuu kutoka Mji Mkongwe wa Unguja, kutupa chupa ya maji baharini siku hizi kunaonewa haya kidogo, walau mbele ya wageni. Ganda la chungwa halionewi haya na mtu. Mfupa wa kuku, wali uliobaki, kokwa ya embe, vyote majini, na ukiuliza utaambiwa ni riziki ya samaki, vitaoza.

Mimi sikubali, na sheria pia haikubali. Mkataba wa kimataifa wa MARPOL, wa kuzuia meli zisichafue bahari, una kiambatisho cha tano kinachohusu taka za vyombo vya baharini. Kilianza kutumika mwisho wa 1988, na hakibagui meli ya makontena na mashua ya mashine. Plastiki haitupwi popote, hata uwe katikati ya Bahari ya Hindi. Mabaki ya chakula yana nafasi yake: chombo kiwe safarini, tena kimepita maili 12 za baharini kutoka nchi kavu iliyo karibu. Yakisagwa yakawa vipande visivyozidi milimita 25, maili 3 zatosha.

Sasa piga hesabu. Maili 12 ni kilomita 22 na ushei. Mlango wa bahari kati ya Unguja na bara, pale unapobana, haufiki kilomita 40. Hata ukikata injini katikati kabisa, bado hujafika panaporuhusiwa kutupa mabaki yasiyosagwa. Sembuse Changuu, ambako mji unauona safari nzima!

Kwa hiyo kila kitu kirudi, na kazi hiyo huanzia jikoni. Nanasi limenywe nyumbani. Chapati ziingie kwenye bakuli lenye mfuniko. Dumu la lita 20 lenye bomba, na vikombe vyake, linaondoa katoni nzima za chupa. Wavutaji wapewe kopo lenye mchanga kidogo, maana kile kichujio cha sigara nacho ni plastiki, jambo ambalo wengi hawalijui. Mshipi wa kuvulia uliokatika usiachwe uende na maji. Kasa na ndege hunasa humo. Kiroba cha taka kifungwe chini ya ubao wa kukalia, si juu ya turubai, upepo wa kusi hauna adabu.

Msimamizi wa haya yote ni nahodha. Akisema "kaeni chini", hata tajiri anakaa. Aseme na hili, kabla ya kung'oa nanga, kwa sauti ileile.

Lakini nahodha simlaumu peke yake. Nimeona kiroba kikishushwa vizuri ufukweni, kikaegemezwa kwenye pipa lililokwisha kufurika. Kunguru wakakitoboa, maji yakajaa, chupa zikaanza safari upya. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2006, bara ikafuata Juni 2019, ila chupa zikaachwa, na chupa huelea. Hapo ndipo ningependa kuona fedha za tiketi za watalii zinafanya kazi: pipa lenye mfuniko mzito kwenye kila pwani inayopakia abiria, na mtu anayelipwa kulimwaga kila siku kabla maji hayajajaa, Jumapili na sikukuu zikiwemo, kwa sababu ndizo siku mashua zinapojaa zaidi.