Usiniombe Taa ya Kobe, Jenga Boma

Huku kaskazini mwa Ulaya ninakoishi, anayefuga kobe hununua jua. Hununua taa ya joto, kisha taa ya pili ya kutoa mionzi ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, kisha saa ya umeme ya kuziwasha asubuhi na kuzizima jioni, kisha kipimajoto cha kuhakikisha kwamba joto limefika pale mnyama anapolala. Taa ile ya pili huishiwa nguvu hata kama kwa macho bado inang'aa, kwa hiyo wafugaji wengi huibadilisha kila baada ya miezi 6 hadi 12. Siwalaumu. Wanalipia kitu ambacho anga la huku huwanyima kwa sehemu kubwa ya mwaka. Ninachokipinga ni sisi wenye jua la bure kuwaiga.

Mpwa wangu amepata vitoto viwili vya kobe wa majini, wale wenye alama nyekundu nyuma ya jicho, akaniandikia: "Mjomba, nitumie tangi la kioo na taa zake, nataka kuwafuga kisasa." Nilifurahi kuona anavyowajali. Lakini nimemkatalia, na nikimkatalia yeye nawakatalia wote wenye ombi kama lake, maana mtu aliye karibu na ikweta na mwenye kipande cha uwanja ana kila kitu ambacho tangi lile linajaribu kukiigiza.

Kobe hujenga gamba na mifupa yake kwa kalsiamu, na kalsiamu hiyo haiingii vizuri mwilini bila vitamini D3. Vitamini hiyo ngozi huitengeneza yenyewe ikipigwa na mionzi ya urujuanimno. Anayeikosa kwa muda mrefu gamba lake hulegea na kupinda, miguu hukosa nguvu, na kitoto kilichokuwa chepesi kutembea huanza kujikokota. Kioo cha kawaida huzuia karibu yote ile mionzi inayotengeneza vitamini hiyo, kwa hiyo kumweka kobe dirishani ili apate jua ni kumpa mwanga na joto tu. Huku hata ukimtoa nje wakati wa baridi hasaidiki. London iko nyuzi 51 kaskazini mwa ikweta, na kuanzia Oktoba hadi Machi jua hupita chini mno hivi kwamba hata binadamu hushauriwa kumeza vitamini D. Sasa mtu anayeamka na jua la kutosha Januari na Julai afunge kobe chumbani na kumwashia taa kwa sababu gani?

Ili muone watu wa huku wanavyohangaika, niwaeleze habari ya friji. Kobe wa nchi kavu wanaotoka pwani za Mediterania hulala usingizi wakati wa baridi. Wakiachwa bustanini, hali ya hewa huwachezea: ikishuka sana chini ya sifuri huganda, na ikipanda katikati ya majira huamka mapema na kumaliza akiba ya mwili. Basi wafugaji wengi huwapunguzia chakula, husubiri matumbo yawe matupu, kisha huwalaza ndani ya sanduku kwenye friji yenye nyuzi kama 5 za Selsiasi. Huufungua mlango mara kwa mara ili hewa ibadilike, na humpima kila mnyama uzito ili wajue kama anakonda. Ni kazi ya subira na naiheshimu kwa moyo wote. Ila kobe wa asili ya tropiki, kama wale wakubwa wa savana, hawana usingizi huo kabisa. Ukimpoza hivyo unamuua.

Kwetu hatari iko upande wa pili. Mwili wa kobe haujitengenezei joto la kumtosha, huchukua la mahali alipo, na kinachommaliza katika nchi ya joto ni karai la plastiki lililoachwa uani saa saba mchana. Maji machache huchemka upesi na mnyama hana pa kukimbilia. Ndiyo maana namwambia kila anayetaka kujenga aanze na kivuli, jua litakuja lenyewe. Upande mmoja wa boma upate jua la asubuhi, mwingine uwe na kivuli cha kweli mchana kutwa: mti, kichaka, au kibanda kifupi chenye udongo laini wa kujifukia. Bati tupu peke yake si kivuli, kwa sababu joto hushuka chini yake. Kobe mwenye nafasi ya kuchagua huota jua mpaka atosheke, kisha huondoka mwenyewe. Tangi dogo lenye taa haliwezi kumpa hiari hiyo.

Cha kuigwa kutoka huku ni ukuta. Wafugaji wazuri niliowaona hawatumii wavu mtupu kuzungushia boma, kwa sababu kobe akiona upande wa pili hudhani anaweza kupita. Atatembea kando ya wavu kutwa nzima, atasukuma, ataparua pua yake. Mpe kizuizi kisichopitisha macho, cha tofali, mawe au mbao nene, naye hutulia. Kimo kiwe walau mara mbili ya urefu wa gamba la kobe aliyekomaa. Msingi uzame ardhini kama sentimita 30, maana kuchimba ni kazi yao, na wale wachimbaji hodari wa savana watataka zaidi ya hapo. Na pembe! Watu husahau pembe. Kobe hujibana mahali kuta mbili zinapokutana, huweka mguu huku na mguu kule, akapanda. Zifunike kwa juu kwa ubao, au ujenge boma la mviringo lisilo na pembe.

Na kamba iliyopitishwa kwenye tundu la gamba isihesabiwe kuwa uzio. Gamba ni mfupa hai wenye damu na mishipa ya fahamu. Kulitoboa ni kumtoboa mnyama mfupa, na popote desturi hiyo ilipo inapaswa kukoma.

Kwa kobe wa majini, kazi kubwa ni bwawa. Kanuni ambayo wafugaji wengi hukadiria nayo ni lita 40 kwa kila sentimita 2.5 za gamba, kwa hiyo jike la sentimita 25 anahitaji kama lita 400, na wawili wanahitaji zaidi. Ukijenga kwa zege, lijaze maji na kulimwaga mara kadhaa kabla ya kumtia mnyama, kwa sababu chokaa ya saruji mpya huharibu maji. Ukingo mmoja uwe mteremko mkavu wa kutokea, kwa maana hata mwogeleaji hufa maji akichoka na asipate pa kushika. Weka gogo lililochomoza juu ya maji apande kuota jua. Chini kabisa acha bomba la kumwagia, kwa kuwa mnyama huyu hula ndani ya maji na kunya humo humo, na asiyeweka bomba atachoka kuteka kwa ndoo mpaka aache kusafisha. Maji hayo machafu mimea huyapenda. Watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wakimaliza kumshika, kwani kobe hubeba bakteria wa salmonela bila yeye kuugua. Kwa ajili ya hao watoto, Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 kuuza kobe wa chini ya inchi 4.

Jike hutaga hata kama hajawahi kuona dume. Asipopata udongo laini wa kuchimba hubaki na mayai tumboni, na anaweza kufa nayo. Pembeni mwa boma acha sehemu ya udongo mchanganyiko na mchanga, wenye kina cha sentimita 20 au zaidi, mahali penye jua. Vitoto navyo vifunikwe kwa wavu juu: huku adui ni mbweha na panya, kwetu ni kunguru, kenge, nguchiro na mbwa wa jirani.

Jambo linalonikera ni jinsi kobe hawa wenye alama nyekundu wanavyouzwa. Asili yao ni Marekani, katika bonde la mto Mississippi. Huuzwa wakiwa wadogo wa kukaa kiganjani, hukua kufikia karibu sentimita 30, na huishi miaka 20, 30 au zaidi. Ulaya ilijaa watu waliochoka nao na kuwatupa mabwawani, ambako huwanyang'anya kobe wenyeji chakula na mahali pa kuota jua. Umoja wa Ulaya ulikuja kuwaweka kwenye orodha ya viumbe vamizi mwaka 2016, wakati walikwisha kuenea. Mito yetu ya joto ingewafaa kuliko hata ya Ulaya.

Wala suluhisho si kwenda kuokota kobe wa porini. Kobe bapa wa miamba ya Kenya na Tanzania, mwenye gamba laini la kujipenyeza kwenye nyufa, hutaga yai moja moja. Amechukuliwa kwa wingi kwa ajili ya biashara mpaka mwaka 2019 CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, ukampandisha katika orodha yake kali zaidi. Kabla ya kufuga wa porini wa aina yoyote, ruhusa ya idara ya wanyamapori itangulie.

Kama ningesikilizwa na wanaotunga kanuni nyumbani, ningeomba jambo moja dogo: kila muuzaji wa vitoto vya kobe alazimike kuwa na kobe mmoja mzima dukani, ndani ya bwawa la ukubwa unaomstahili, na mnunuzi amwone huyo kwanza.