Utapiamlo wa utotoni: ubongo hubadilika kiasi gani, na dawa je?

Kampeni za lishe zimetuachia kauli moja inayorudiwa kliniki, redioni na kwenye mikutano ya vijiji: mtoto akidumaa ndani ya siku 1,000 za mwanzo, tangu kutungwa mimba hadi miaka miwili, madhara kwenye ubongo wake hayarekebishiki. Kauli hiyo imewafanya wazazi na serikali waichukulie lishe kwa uzito, na hilo ni jema. Lakini takwimu za taifa za 2022 zinaonyesha kwamba Tanzania asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Kenya, mwaka huohuo, ni asilimia 18. Hao ni mamilioni ya watoto watakaokua, watakaosoma, watakaougua na kupewa dawa. Kabla ya kuwaambia wazazi wao kwamba mambo yamekwisha, tuna wajibu wa kuangalia ni nini hasa kimethibitishwa.

Ushahidi wa kina kuhusu kemia ya ubongo umetoka kwa panya wa maabara. Huko Boston, watafiti wakiwemo Peter Morgane na Janina Galler waliwalisha panya majike chakula chenye protini asilimia 6 badala ya 25, kabla ya mimba na wakati wa mimba. Wengi wetu tungetarajia watoto wa panya hao wawe na upungufu wa kila kitu ubongoni. Haikuwa hivyo. Triptofani, kijenzi cha protini ambacho ubongo hukitumia kutengeneza serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za neva, ilionekana kuzidi. Sababu yake inaeleweka: sehemu kubwa ya triptofani husafiri kwenye damu ikiwa imeshikwa na albumini, protini kuu ya damu. Protini ya chakula ikipungua, albumini nayo hushuka, triptofani iliyo huru huongezeka, na vijenzi vingine vinavyogombania njia ileile ya kuingia ubongoni huwa vichache. Ubongo unaojijenga unajikuta na serotonini nyingi wakati usiofaa, na serotonini katika umri huo ni miongoni mwa vitu vinavyoelekeza seli za neva zikue wapi na ziungane na zipi.

Habari ya dawa inaanzia hapo. Panya waliopata utapiamlo mapema, hata wakilishwa vizuri baadaye mpaka wakakomaa, mara nyingi wameonyesha mwitikio dhaifu kwa dawa za kutuliza za jamii ya diazepamu. Maabara za Boston na za Ribeirão Preto, Brazili, zimeripoti jambo hilo: dozi inayomwondolea woga panya wa kawaida haimfanyii hivyo aliyekosa protini utotoni. Dawa hizo hufanya kazi kwa kuupa nguvu ujumbe wa GABA, kemikali kuu ya kutuliza seli za ubongo, na inaelekea vipokezi vyake vilijengwa tofauti. Diazepamu ndiyo inayotumika katika wodi zetu kukata degedege la mtoto. Ndiyo maana habari hii ya panya haiwezi kumwacha mhudumu wa afya wa Afrika Mashariki akiwa hajali.

Kwa binadamu, utafiti unaogusa zaidi ni wa Barbados. Galler na daktari Frank Ramsey waliwafuatilia watoto waliolazwa kwa utapiamlo mkali katika mwaka wao wa kwanza, mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970. Walizaliwa na uzito mzuri, walitibiwa, wakaingizwa katika mpango wa lishe hadi umri wa miaka 12. Miili yao ilipona vizuri. Hata hivyo, darasani asilimia 60 walikuwa na dalili za kushindwa kutulia na kumakinika, dhidi ya asilimia 15 ya wenzao waliosoma nao, na matatizo hayo yalionekana bado walipofika utu uzima. Baadaye vipimo vya damu vilionyesha tofauti za alama za kikemikali juu ya jeni kadhaa, mojawapo ikiwa jeni iitwayo COMT, inayohusika na kuvunja dopamini, kemikali nyingine ya ujumbe ubongoni. Kampala nako, Hoorweg na Stanfield walichapisha mwaka 1976 matokeo ya vijana waliowahi kulazwa kwa utapiamlo wakiwa wadogo: walikuwa nyuma katika kufikiri na kutambua maumbo, na kilichohusiana na hali hiyo ni ile njaa ya muda mrefu zaidi kuliko ukali wa siku walizolazwa.

Mtu akiishia hapa ataona kesi imefungwa. Haijafungwa, kwa sababu kadhaa nzito.

Kwanza, panya si mtoto. Uzito wa watoto wa panya katika mimba moja hufikia kama robo ya uzito wa mama, mzigo ambao mwanamke haubebi, kwa hiyo kukosa protini humwumiza panya kwa kasi nyingine kabisa. Ubongo wa panya pia hukua zaidi baada ya kuzaliwa, ndani ya wiki chache tu. Wa mtoto hukua kuanzia miezi ya mwisho ya mimba hadi miaka kadhaa. Huwezi kuchukua ratiba ya mmoja ukamvika mwingine.

Pili, njaa haiji peke yake. Nyumba isiyo na chakula huwa na malaria, minyoo, maji machafu, mama aliyechoka na mara nyingi mwenye msongo wa mawazo. Mwaka 1972 Levitsky na Barnes walionyesha kwamba panya wenye utapiamlo waliopewa mazingira yenye uchangamshi walifuta sehemu kubwa ya tofauti za tabia, na waliotengwa walizidi kuharibika. Baadaye jambo lilelile lilijaribiwa kwa watoto. Kingston, Jamaika, mwaka 1986 na 1987, Sally Grantham-McGregor na wenzake walichukua watoto 129 waliodumaa. Baadhi walipewa maziwa, wengine walitembelewa nyumbani kila wiki na mhudumu wa jamii aliyemfundisha mama kucheza na kuongea na mtoto, wengine walipata vyote viwili, na wengine hawakupata. Miaka 20 baadaye waliochezeshwa walikuwa wanapata kipato cha juu kwa asilimia 25 kuliko wasiochezeshwa, na walikuwa wamewafikia watu ambao hawakuwahi kudumaa. Maziwa peke yake hayakuacha faida hiyo. Mbele ya matokeo haya, neno "hayarekebishiki" linakosa mguu wa kusimamia.

Halafu kuna Uholanzi, na hapa ndipo ninapoona ugumu wa kweli. Katika baridi ya 1944 hadi 1945 Wajerumani waliibana nchi hiyo mpaka mgao wa mtu ukashuka chini ya kalori 1,000 kwa siku. Zena Stein, Mervyn Susser na wenzao walipochunguza rekodi za jeshi za vijana wa miaka 19 waliokuwa tumboni wakati huo, hawakuona upungufu wowote wa akili katika mitihani; hilo lilichapishwa 1972. Miaka 20 baadaye, uchunguzi wa waliotungwa mimba kileleni mwa njaa ileile ulikuta hatari ya skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili, imeongezeka mara mbili. China ilithibitisha mwelekeo huo: katika eneo la Wuhu, mkoa wa Anhui, hatari hiyo ilipanda kutoka asilimia 0.84 kwa waliozaliwa 1959 hadi 2.15 kwa waliozaliwa 1960, kipindi cha njaa kuu. Njaa moja, majibu mawili. Mtihani wa akili haukuona kitu, lakini mfumo wa dopamini, ambao dawa za skizofrenia huulenga, unaelekea uliguswa. Anayesema njaa haiachi alama amesoma jibu la kwanza tu. Anayesema inaharibu akili ya kila mtoto hakulisoma kabisa.

Ninavyoona mimi, mjadala wetu unachanganya maswali mawili ya dawa yenye uzito tofauti. La kwanza ni kama utapiamlo wa zamani humfanya mtu mzima aitikie dawa za ubongo kwa namna nyingine. Panya wanasema ndiyo. Kwa binadamu hiyo bado ni dhana yenye mantiki, haitoshi kumbadilishia mgonjwa dozi. La pili linahusu mtoto aliye na utapiamlo leo, na hapa ushahidi ni wa moja kwa moja. Dozi hupimwa kwa kilo, na mtoto aliyevimba ana maji ndani ya uzito wake. Albumini ikiwa chini, dawa kama fenitoini, ya kifafa, huwa huru zaidi kwenye damu, kiasi kwamba kipimo cha jumla kinaweza kuonekana kidogo huku ubongo ukipokea nyingi. Ini lililochoka huchelewa kuiondoa kloramfenikoli, dawa ya kuua bakteria. Dawa mseto ya malaria huhitaji mafuta ili lumefantrini, mojawapo ya viambato vyake, ifyonzwe, na watoto wadogo wenye uzito pungufu wamekutwa na kiwango chake cha chini kwenye damu.

Majaribio mengi ya dawa huwaacha nje watoto wenye utapiamlo mkali, kwa hoja kwamba ni dhaifu mno na watavuruga matokeo. Hoja ya kuwalinda naiheshimu. Lakini tukiwaacha nje, dozi itakayowafikia wodini itakuwa imekadiriwa kutoka kwa mwili wa mtoto mwingine. Kenya imeonyesha kwamba inawezekana: jaribio lililochapishwa 2016 katika hospitali nne, zikiwemo za Kilifi na Mombasa, liliwahusisha watoto 1,778 waliokuwa wakitibiwa utapiamlo mkali, kuona kama kotrimoksazoli, dawa ya kuzuia maambukizi ya bakteria, ikitolewa kila siku ingepunguza vifo. Haikupunguza. Jibu hilo lisingepatikana kwa kuwapima watoto wenye afya, na ndilo linalomzuia daktari kumwandikia mtoto dhaifu miezi ya dawa isiyomsaidia. Dawa za degedege na kifafa zinastahili kupimwa kwa namna hiyohiyo, kwa watoto walewale, wakati programu za lishe zikianza kulipia mhudumu wa kwenda nyumbani kumchezesha mtoto baada ya kuruhusiwa hospitali.