Mpeni Mzazi Arobaini Yake

Kuna picha inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, na walioituma ni watu ninaowaheshimu. Mama amekaa chini soko la Kongowea, Mombasa, mafungu ya nyanya mbele yake, kitoto kichanga mapajani. Maandishi: "Kajifungua wiki iliyopita. Huyu ndiye mwanamke!" Chini yake makofi na mashallah chungu nzima.

Jamani, mashallah ya nini?

Mzazi wa wiki moja bado anatoka damu. Kama alishonwa, mshono haujakauka, na maziwa ndiyo kwanza yanajaa, titi likiguswa ataka kulia. Sisi tuko kwenye makochi twampigia makofi kwa kukosa mtu wa kumshikia biashara siku chache.

Bibi zetu walimweka mzazi ndani siku arobaini nzima. Akikandwa kwa maji moto, akifungwa mkaja tumboni, akiletewa uji wa pilipili manga na supu ya kuku, nguo za mtoto wakifua wengine. Shangazi leo, jirani kesho. Hakuna aliyemwita shujaa. Alikuwa mzazi, na mzazi hutunzwa. Madaktari nao, wakihesabu vifo vya uzazi, huhesabu mpaka siku ya 42 baada ya mimba kwisha, kwa sababu hatari haiishi kitovu kikikatwa. Kuvuja damu, presha, homa ya maambukizi, vyote vyaweza kumkuta ameshatoka hospitali. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani lataka mzazi aangaliwe saa 24 za mwanzo, halafu siku ya pili au ya tatu, halafu wiki ya pili, halafu wiki ya sita. Sasa huyu wa Kongowea, akianza kuona kizunguzungu, si atadhani ni jua tu?

Haya, nakubali shingo upande: arobaini ya bibi ilikuwa na mambo yake. Kitovu kupakwa kila kitu, mtoto kunyweshwa maji kabla ya miezi 6, mama kuzuiwa kutoka hata homa ikimchemsha. Hayo tuyaache huko huko. Na tangu Juni 2013, ada ya kujifungua ilipofutwa hospitali za serikali, wengi wamefika leba ambao wangezalia nyumbani. Alhamdulillah.

Lakini akirudi nyumbani? Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inampa mwajiriwa miezi 3 ya likizo yenye mshahara kamili, na baba wiki 2 (ambazo, waume zetu, si za kushinda maskani mkinywa kahawa). Mwajiriwa! Muuza nyanya je? Anayefua nguo za watu Nyali, amepanga chumba kimoja Mishomoroni na mamake yuko mbali, likizo aombe kwa nani?

Kwetu sisi, kwani kwa nani tena? Harusi twachangiana mpaka twakopa. Madera ya sare, mapambo, mpiga picha wa droni. Mzazi wa mlango wa pili hatujui hata kala nini.

Nimepeleka pendekezo kwenye chama chetu: kila mzazi wa mtaani alipiwe kodi ya mwezi mmoja, na tupange zamu ya kupika na kufua. Katibu ameliweka chini ya "mengineyo", baada ya ajenda ya rangi ya madera.